Amplifaya ya chaneli tatu katika homu thieta yangu: hesabu, umeme na mvumo wa dishi

Kwa miaka minne, kila tulipokaa sebuleni kutazama filamu, rimoti ya risiva, yaani mashine inayopokea sauti ya filamu, kuikuza na kuigawia spika, haikutoka mkononi mwa mke wangu. Watu walipozungumza aliongeza sauti, kwa sababu mama yangu, ambaye amepita miaka 70 na tunaishi naye hapa Tabata, hakuwa akiyapata maneno. Mlango ulipobamizwa au gari lilipolipuka aliipunguza upesi, kwa sababu sauti ilikuwa kali kiasi cha kuchoma masikio. Mwanzoni niliamini kwamba filamu za siku hizi zimechanganywa hivyo na hakuna la kufanya. Baadaye nikaanza kutilia shaka maelezo hayo, maana ukali ule haukuwa wa sauti kubwa peke yake. Ulikuwa wa sauti kubwa iliyochafuka, kama spika ya daladala iliyofunguliwa hadi mwisho, na ulianza mapema sana, katika kiwango ambacho spika zangu zilipaswa kukimudu bila taabu.

Risiva yenyewe ni ya chaneli 7, yaani njia 7 za sauti, kila moja kwa spika yake, na kitabu chake kinataja wati 90 kwa kila chaneli katika spika za omu 8 (omu hupima ukinzani wa spika dhidi ya umeme). Ukisoma maandishi madogo yaliyo chini ya namba hiyo, utakuta kwamba wati 90 zilipimwa wakati chaneli 2 tu zinafanya kazi. Chaneli zote 7 hunyonya umeme kutoka transfoma moja na kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) zilezile, kwa hiyo zikidai kwa pamoja, kila moja hupata kidogo kuliko kile kilichoandikwa. Siwalaumu watengenezaji kwa hilo, kwa kuwa wamesema wazi walivyopima. Ni afadhali mara mia kuliko maboksi ya sabufa tunayoyaona madukani yakiwa na maandishi ya wati 5000 za PMPO, namba ambayo haina kipimo chochote kinachokubalika nyuma yake. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1974 ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu endelevu, pamoja na omu za spika, upana wa masafa (kuanzia besi hadi sauti nyembamba) na kiasi cha uchafuzi wa sauti. Natamani kila boksi linaloingia Kariakoo lingekuwa na maelezo hayo manne.

Spika zangu tatu za mbele, yaani ya kushoto, ya kati na ya kulia, ndizo zilizonifundisha hesabu. Ni za omu 4, na kipeperushi chake kinasema hutoa desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa volti 2.83 zikipimwa umbali wa mita 1. Ni rahisi kuisoma namba hiyo kana kwamba inazungumzia wati 1, na ndivyo nilivyoisoma nilipozinunua. Volti 2.83 katika spika ya omu 8 ni wati 1 kweli, lakini katika spika ya omu 4 volti hizohizo ni wati 2. Kwa hiyo, kwa wati 1 spika zangu hutoa desibeli 83 tu, na hizo ni spika zenye njaa.

Hesabu niliyoifanya mezani, kwa kalamu na karatasi, ilikuwa hivi. Majumba ya sinema hupangwa ili kila chaneli kuu iweze kufikia vilele, yaani sauti kubwa kabisa za muda mfupi, vya desibeli 105 mahali anapokaa mtazamaji, na chaneli ya besi ya sabufa ifikie 115. Sisi hatutazami kwa kiwango hicho nyumbani. Tukiwa chini yake kwa desibeli 10, tayari sauti inajaza sebule. Basi nilihitaji vilele vya desibeli 95 kwenye kochi. Kochi liko mita 3 kutoka kwenye spika. Uwanjani, mita 3 zingepoteza takriban desibeli 9.5, lakini sebule yenye kuta za saruji hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo nilihesabu hasara ya desibeli 7. Kutoka 86 nikabaki na 79. Ili kufika 95 nilikosa desibeli 16, maana yake volti ziongezeke zaidi ya mara 6, zifike karibu 18, na volti 18 katika omu 4 ni wati 80 zinazobeba ampea 4.5. Hadi hapo hakuna la kutisha.

Kinachotisha ni hatua zinazofuata. Nikitaka desibeli 5 zaidi, yaani vilele vya 100, spika ileile inadai wati 252. Nikitaka kiwango kamili cha sinema, inadai karibu wati 800, ambazo zingeiunguza kabla haijafika huko. Kila desibeli 3 ni mara mbili ya wati, na kila desibeli 10 ni mara kumi, ilhali sikio huisikia nyongeza ya desibeli 10 kama sauti iliyoongezeka takriban mara mbili tu. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye wati 90 kwenda wati 120 anatumia fedha zake kununua desibeli moja na robo, ambayo hataitambua asipoisikiliza kwa makusudi.

Pia omu 4 ni wastani wa kibiashara. Ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na masafa, na ya kwangu hushuka hadi omu 3.2 katika eneo la sauti ya mwanamume. Hapo ndipo ampea zinapohitajika zaidi, na hapo ndipo mazungumzo ya filamu yanapoishi. Risiva yangu, kama nyingine nyingi, ina chaguo la omu 4 kwenye menyu yake. Kitabu kinamtaka mwenye spika za aina hiyo alichague, nami nililichagua. Chaguo hilo hushusha volti za ndani ili mashine isipate joto la hatari. Linailinda mashine, lakini linapunguza nguvu kwenye spika ambazo ndizo zinazoihitaji. Vilele vya mawimbi vikizidi volti zilizopo hukatwa, vikawa bapa, na mawimbi bapa ndiyo ule ukali uliokuwa ukimfanya mke wangu ashike rimoti.

Kabla ya kutoa shilingi hata moja, nilifanya mambo matatu yasiyo na gharama, na ningemsihi kila mtu aanze nayo. Kwanza, niliingia kwenye menyu na kuzibadilisha spika za mbele kutoka kwenye mpangilio wa spika kubwa kwenda kwenye mpangilio wa spika ndogo, mpaka ukiwa hezi 80, ili besi yote iliyo chini ya hapo iende kwenye sabufa ambayo ina amplifaya yake yenyewe. Spika zangu ni ndefu na nzuri, na kwa miaka yote nilikuwa nimeziweka kama kubwa kwa kuwa zina maumbo makubwa, jambo lililoilazimisha risiva kubeba milipuko ya besi isiyo ya lazima. Pili, niliiinua pua ya spika ya kati kwa vipande viwili vya mpira ili ielekee kwenye masikio badala ya magoti. Tatu, niliiongezea spika hiyo desibeli 2. Kwa maoni yangu, nusu ya tatizo iliondoka siku hiyo. Mama akaanza kufuata mazungumzo bila kuuliza, ila sehemu zenye vurugu zilibaki na ukali wake, na risiva iliendelea kupata joto kiasi kwamba usingeweza kuweka kiganja juu yake kwa sekunde kumi.

Bahati yangu ni kwamba nyuma ya risiva kuna matundu ya kutolea ishara isiyokuzwa, yaliyoandikwa PRE OUT, kwa kila chaneli. Bila matundu hayo, safari ya kuongeza amplifaya ya nje ingeishia hapo. Risiva nyingi za bei ya chini zina tundu moja tu la aina hiyo, lile la sabufa, na mwenye nayo hana budi kubadilisha risiva yenyewe kwanza. Nilitaka amplifaya ya chaneli 3 kwa ajili ya spika tatu za mbele. Spika za pembeni na za nyuma zingebaki kwenye risiva, kwa kuwa kazi yao ni nyepesi, na transfoma iliyoachiwa chaneli 4 badala ya 7 ingezihudumia kwa nafasi.

Duka la kwanza Kariakoo walinionyesha amplifaya za shughuli, zile za kwenye harusi na mikutano, zenye wati nyingi kwa bei ndogo. Ni mashine za kweli na sizibezi. Lakini huwa na feni zinazozunguka muda wote, na feni hiyo ungeisikia katika kila sehemu tulivu ya filamu, achilia mbali kwamba matundu yake ya kuingizia ishara yametengenezwa kwa ajili ya vifaa vya jukwaani vinavyotoa volti kubwa kuliko za risiva ya nyumbani. Duka la pili walikuwa na amplifaya nzuri ya mtumba kutoka Japani, safi, nzito, na bei yake ilinivutia mno. Niliiinamia nikasoma kibao cha nyuma: volti 100. Nyumba zetu hupata volti 230. Muuzaji alinihakikishia kwamba watu wengi wamezichukua na zinapiga vizuri. Kifaa cha volti 100 kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 huungua, na ukitaka kukitumia salama unahitaji transfoma ya kushushia volti yenye uwezo wa kubeba mahitaji ya amplifaya hata katika vilele vyake, ambayo kwa mashine ya ukubwa ule ni mzigo mwingine wa kilo nyingi na gharama nyingine. Nilimshukuru nikaondoka. Kibao cha nyuma ndicho kitu cha kwanza cha kusoma unapoonyeshwa kifaa chochote cha mtumba kutoka Japani, au kutoka Marekani ambako umeme wao ni volti 120.

Niliyoipata hatimaye ilikuwa imetumika Dubai, kwenye umeme wa volti 230 na hezi 50 kama wetu, ikiwa na plagi ya pini tatu kama tunazozitumia. Niliilipia shilingi 1,400,000 baada ya kuisikiliza dukani kwa saa nzima. Hutoa wati 150 kwa chaneli katika omu 8 na wati 250 katika omu 4, chaneli zote 3 zikifanya kazi kwa pamoja. Wati 250 zilikuwa karibu sawa na zile 252 za karatasi yangu, yaani vilele vya desibeli 100 kwenye kochi, na sikuhitaji zaidi ya hapo. Ni ya daraja la AB, muundo wa ukuzaji unaopoteza umeme mwingi kama joto, ina transfoma kubwa ya duara, na uzito wake ni kilo 24. Zipo za daraja la D ambazo ni nyepesi na hupoteza umeme kidogo sana kama joto, na kama ningenunua mpya ningechukua moja ya hizo. Wanaosema kwamba daraja la D halifai kwa muziki wanazungumzia mashine za miaka mingi iliyopita.

Jambo lililonipa wasiwasi kabla ya kulipa ni kama risiva ingeweza kuisukuma amplifaya ipasavyo. Kila amplifaya ya nguvu hupokea volti ndogo na kuzizidisha kwa kiwango maalumu. Yangu huzidisha kwa desibeli 29, ambazo ni takriban mara 28. Ili itoe wati 250 katika omu 4 inahitaji kutoa volti 31.6, kwa hiyo inahitaji kuingiziwa volti 1.1 hivi. Matundu ya risiva yangu hutoa zaidi ya volti 1.2 kabla ya ishara kuanza kuchafuka, kwa hiyo zilikutana vizuri. Kama amplifaya ingekuwa ya kuzidisha mara 20 tu, ningehitaji karibu volti 1.6 na risiva ingeanza kulemewa kabla amplifaya haijafika mwisho. Watu hulinganisha wati na bei, na wachache huuliza namba hii, ilhali ndiyo inayoamua kama utazipata wati ulizozilipia.

Seremala wa mtaani alinitengenezea rafu ya mbao za mninga ya kuibeba, kwani meza ya televisheni ya mbao za kubandika ilikuwa imeanza kupinda kwa risiva peke yake. Niliacha nafasi ya sentimita 15 juu ya kila mashine. Mwezi Februari sebule yetu huwa na joto la nyuzi 31 hata usiku, na kapasita ndani ya mashine hizi hazipendi joto: mafundi hukadiria kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza maisha yake kwa nusu. Hali hiyo huwapata wengi wanaozibana risiva zao ndani ya kabati zenye vioo, kisha wakashangaa zinapokufa baada ya miaka mitatu.

Nyaya za spika nilizibadilisha pia, lakini kwa sababu tofauti na zile zinazotajwa na wauza nyaya za bei ya dhahabu. Zile za awali zilikuwa za aluminiamu iliyopakwa shaba, na niligundua hivyo nilipoukwangua mmoja kwa wembe nikaona weupe ndani. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya shaba halisi ya unene uleule. Nilinunua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Spika iliyo mbali zaidi inahitaji mita 6 za kwenda na 6 za kurudi, na kwa waya huo ukinzani wote ni omu 0.08, asilimia 2 ya omu 4 za spika. Zaidi ya hapo sioni cha kununua.

Kisha ukaja mvumo. Niliunganisha kila kitu mashine zikiwa zimezimwa, nikaiwasha risiva kwanza na amplifaya mwisho, na kabla hata ya kuchagua filamu spika zote tatu zilianza kutoa mngurumo mzito usiokoma, ambao haukubadilika nilipoongeza au kupunguza sauti. Nilimwita fundi anayeheshimika mtaani kwetu. Aliusikiliza kwa nusu dakika, akatabasamu.

"Kaka, hiyo ni ethi tu," alisema. "Nikate huu waya wa kijani ndani ya plagi, mvumo utaisha hapa hapa."

Nilimwomba asiukate. Alikuwa sahihi kwamba mvumo ungeisha, na nadhani usahihi huo ndio unaoifanya tiba hii ienee. Lakini waya ule wa kijani na njano upo ili siku transfoma itakapopata hitilafu na umeme ukagusa bodi la chuma, umeme upate njia ya kwenda ardhini na swichi kuu ianguke. Ukiukata, njia inayobaki ni mwili wa atakayeigusa mashine, au nyaya za ishara na risiva. Nyumbani kwangu kuna watoto wawili na mama ambaye hupenda kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Sikuwa tayari kununua ukimya kwa bei hiyo.

Tulitafuta chanzo kwa kuondoa kitu kimoja baada ya kingine. Nyaya za ishara zilipochomolewa kutoka kwenye amplifaya, ilinyamaza kabisa, kwa hiyo haikuwa mbovu. Ziliporudishwa, mvumo ukarudi. Tukachomoa televisheni, haukubadilika. Tukachomoa kebo ya dishi kutoka nyuma ya king'amuzi, na sebule ikawa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Dishi letu limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini uani, na risiva yangu ni ya plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ardhini, kwa hiyo kwa miaka yote mfumo mzima ulikuwa na mguu mmoja tu ardhini, ule wa dishi. Amplifaya mpya yenye pini tatu ilileta mguu wa pili kupitia soketi. Ardhi ya nguzo ya uani na ardhi ya nyumba hazina volti sawasawa, na tofauti hiyo ndogo ilisukuma umeme kuzunguka kutoka kwenye dishi, kupitia king'amuzi, risiva na ganda la nyaya za ishara, hadi kwenye amplifaya, ambayo iliukuza mara 28 kama ilivyotengenezwa kufanya.

Kwa kebo ya antena ya kawaida, dawa yake ni kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa katikati ya kebo. Kwa dishi hakifai kikiwa cha aina ya kawaida, kwa sababu king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 juu ya kebo hiyohiyo ili kuendesha kichwa cha dishi, na kifaa kile huzizuia. Tulichofanya ni kuziunganisha ardhi mbili ziwe moja. Mahali kebo ya dishi inapoingia ukutani, fundi alifunga kiungio cha chuma kwenye ganda la nje la kebo, akavuta waya wa shaba wa milimita 4 za mraba hadi kwenye kiungio kikuu cha ardhi cha nyumba, kilicho karibu na mita ya LUKU. Plagi zote za mfumo tukazihamishia kwenye soketi moja ya ukutani. Mvumo ulishuka hadi ukawa unasikika tu ukiweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Fundi aliniambia kwamba hakuwahi kuufunga waya wa aina hiyo kwa ajili ya muziki, na wiki mbili baadaye alinipigia kueleza kwamba ameufanya nyumbani kwa mteja mwingine. Nilifurahi sana.

Baada ya hapo nilirudia kupima sebule kwa maikrofoni ndogo iliyokuja na risiva. Hatua hii si ya hiari. Amplifaya ya nje na zile za ndani ya risiva hazizidishi kwa kiwango kilekile, na bila kupima upya, spika za mbele zitazifunika za nyuma au kufunikwa nazo. Kwangu, risiva ilizishusha chaneli tatu za mbele kwa desibeli moja na nusu tu. Kama ingezishusha hadi desibeli 12, ambao ndio mwisho wake, ningejua kwamba imefika ukutani na kipimo si cha kuaminika.

Na sasa nieleze nilichokisikia, bila kuongeza chumvi. Kwa sauti ya chini, tunapotazama taarifa ya habari au tamthilia ya jioni, hakuna tofauti yoyote, na siamini kwamba ingeweza kuwepo, kwa sababu wakati huo spika zinatumia chini ya wati 1 na risiva iliweza hilo siku zote. Sikupata muziki mtamu zaidi wala sauti yenye joto au upana mpya. Tofauti huanza pale filamu inapopanda. Tulirudia filamu ileile, kwenye kipande ambacho mke wangu alikuwa amekizoea kwa kukipunguzia sauti, na mlipuko ulipokuja ulikuwa mkubwa kuliko zamani, lakini ulikuja mzima, ukapita, na sauti ya mtu aliyekuwa akipiga kelele katikati yake ikasikika neno kwa neno. Mke wangu aliinua rimoti kwa mazoea, akaiweka chini. Mama aliuliza kwa nini yule kijana hakukimbia mapema, swali ambalo asingeweza kuliuliza kama hakuwa ameyasikia maneno yake. Risiva nayo sasa ina uvuguvugu tu. Kiganja kinakaa juu yake muda wowote.

Gharama inayoendelea ni ya umeme. Nilipima kwa kifaa cha kwenye soketi nikakuta amplifaya hutumia wati 70 hata isipopiga chochote, mradi imewashwa. Saa 5 kwa siku ni sehemu ya tatu ya yuniti na zaidi kidogo, na kwa mwezi ni yuniti 10 na nusu, ambazo kwa nyumba yenye friji na feni zinaonekana. Kwa bahati kuna waya mwembamba wa volti 12 unaotoka kwenye risiva kwenda kwenye amplifaya, ukiwa na pini ndogo kama ya hedifoni, ambao huiwasha na kuizima amplifaya pamoja na risiva. Kabla ya kuufunga waya huo, tuliisahau amplifaya ikiwa imewaka usiku mzima mara mbili katika wiki ya kwanza.

Inapowashwa, transfoma ile kubwa huvuta umeme mwingi kwa mara moja na taa ya sebuleni hupepesa. Kwa sababu hiyo siichomeki kwenye ekstensheni nyembamba wala kwenye stabilaiza ndogo ya televisheni, ambayo ingeibana pumzi katika vilele. Inakaa ukutani kupitia kilinda volti cha ampea 13, kile kinachokata umeme unapozidi au kupungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kilinda volti hicho hakizuii radi. Msimu wa masika, wingu likianza kunguruma upande wa Pugu, nachomoa plagi ya ukutani na kebo ya dishi, yote mawili, kwa kuwa ile nguzo ya uani ingali ndicho kitu kirefu kuliko vyote katika kiwanja chetu.